Majani ya Mlangoni

Kwetu Ngulyati, mtu akitaka kueleza kwamba mji wa fulani umekufa hahitaji maneno mengi. Atasema tu kwamba majani yamefika mlangoni, na msikilizaji ataelewa: wazee wametangulia mbele ya haki, vijana wamehamia Mwanza au Dar es Salaam, na hakuna aliyebaki wa kushika ufagio. Uwanja wa nyumba kwetu hufagiwa alfajiri, tena hufagiwa hata pale pasipo na taka, mpaka michirizi ya ufagio ionekane mchangani. Majani yana mahali pake. Yapo malishoni, yapo kwenye ngitili, yapo juu ya paa la banda. Mlangoni hayana kazi.

Basi mtu anayepanda majani kwa makusudi mbele ya nyumba yake, akayamwagilia, kisha akahangaika karibu mwaka mzima kutafuta mashine ya kuyakata, hana budi kujieleza. Mimi nimetakiwa nijieleze na mama yangu, na majirani, na fundi wa pikipiki, na hata mchungaji wetu, na kila mmoja nimemjibu kipande tu, kwa kadiri alivyokuwa na haraka. Hapa nitajaribu kulijibu lote kwa pamoja.

Sababu ni maji. Nyumba yangu imekaa kwenye mteremko mdogo wa udongo wa kichanga, ule ambao Wasukuma tunauita luseni. Chini zaidi ndiko kuliko na mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Luseni ni rahisi kulima na ni rahisi kujengea, lakini mbele ya mvua haujui kushikamana. Mvua zetu huanza karibu na Novemba, baada ya kiangazi cha tangu Juni, na zile za kwanza huja kwa hasira, zikikuta ardhi tupu iliyofagiwa na kulegezwa kila siku. Kila mwaka uwanja wangu ulishuka. Mwaka wa tatu niliyaona mawe ya msingi ambayo mwenyewe niliyashuhudia yakizikwa, na kwenye kona ya jikoni ukaanza ufa ambao kidole cha mwisho kiliweza kuingia. Fundi mwashi alishauri nimwage zege kuizunguka nyumba yote. Nikapiga hesabu ya mifuko ya saruji, nikapanda ukoka.

Ukoka hutambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi kwa wakati mmoja, na kila pingili inayogusa udongo hutoa mizizi. Kiangazi hugeuka rangi ya mkeka ukadhani umekufa, lakini mvua mbili zikinyesha unarudi. Nilipanda vipandikizi mwezi wa Desemba mwaka 2017. Mvua za mwaka 2019 na 2020 zilipokuja, zile zilizolijaza Ziwa Victoria hadi Mei 2020 likavunja rekodi yake ya mwaka 1964, nilisimama dirishani nikitazama maji yakipita juu ya ukoka, na yalikuwa maji meupe. Hayakubeba udongo wangu. Ufa wa jikoni haukuongezeka hata unene wa kadi. Tangu siku hiyo suala la kuung'oa ukoka halikuzungumzwa tena nyumbani kwangu.

Lakini lilibaki suala la urefu wake, na hapo ndipo alipo mama.

Mama ana zaidi ya miaka themanini, anatembea kwa fimbo, na macho yake yana ukungu. Kila siku huvuka uwanja mara nyingi, kwenda jikoni, kwenda chooni, kwenda kuwaangalia kuku wake. Na katika majani marefu yetu kuna kifutu. Asiyemjua kifutu aelezwe kwamba ni nyoka mnene, mvivu, mwenye rangi ya majani makavu, ambaye hakimbii anaposikia hatua za mtu. Hutulia pale pale akitegemea rangi yake imfiche, na ndiyo maana hukanyagwa. Nyoka anayekimbia hana madhara makubwa kwa mzee mwenye fimbo. Anayetulia ndiye wa kuogopwa. Mama alinisikiliza habari za msingi na udongo mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Kama ni lazima yawepo, basi nikipita nizione kucha za miguu yangu."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipoingia madukani na kuulizwa nataka mashine ya namna gani, nguvu kiasi gani, upana gani, moyoni nilikuwa na jibu moja tu: inayoacha kucha za mama zionekane, wiki hadi wiki, tangu Novemba hadi Mei, bila kukosa hata wiki tatu za mfululizo. Wiki tatu za mwezi Machi zinatosha kabisa kumficha kifutu.

Mpaka wakati huo tulikuwa tukitumia fyekeo. Kijana wa jirani, aliyemaliza kidato cha nne na anayemlimia bibi yake pamba, alikuja kila baada ya wiki mbili, nami nilimlipa. Fyekeo lina sifa zake na sitalitukana. Halinywi petroli, halina plagi, hunolewa kwa tupa, na likipinda hunyooshwa kwa jiwe. Wengi wetu tulilijua shuleni kabla ya kuijua kalamu vizuri, maana lilikuwa chombo cha kujitegemea na chombo cha adhabu pia, na mtu mzima wa rika langu akiliona hukumbuka zaidi adhabu. Wafungwa nao tuliwaona nalo kwenye viwanja vya bomani. Ndiyo maana majirani walinicheka: mzee mzima amestaafu, sasa anajipa adhabu kwake mwenyewe.

Ila fyekeo, hata likiwa mkononi mwa fundi, halikati vidole vitatu sawasawa. Hapa linaacha kiganja kizima, pale linakwangua mpaka udongo. Pale lilipokwangua ndipo maji huanza tena kuchimba. Nilikuwa nikilipa fedha ili nirudi nilikotoka. Na majani yakikatwa mafupi mno kwa mara moja hudhoofika. Mimea ya jamii hii hukua kutokea chini, karibu na ardhi, kwa hiyo huvumilia kukatwa ncha, lakini yapasa kila mara kuondoa kama theluthi moja tu ya urefu na kuacha majani ya kutosha kulisha mizizi. Maana yake ni kukata kidogo kidogo na mara kwa mara, jambo ambalo mkono wenye fyekeo haulipendi.

Mtu atauliza, kwa nini usifungulie kondoo? Swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana. Simiyu inapakana na Serengeti, na huko pundamilia hutangulia kula mabua marefu, nyumbu hufuata, na swala tomi humalizia machipukizi, bila tone la petroli. Viwanja maarufu vya Uingereza vilikatwa na kondoo na watu wenye mundu mrefu kabla ya mashine kubuniwa, na hata Ikulu ya Marekani ilifuga kondoo uwanjani kwake wakati wa Rais Wilson, kuanzia mwaka 1918. Sisi Wasukuma nasi hatufundishwi majani na mifugo. Ngitili, yaani kulitenga eneo majani yasimame hadi kiangazi, ni elimu ya babu zetu. Ilipokuwa karibu kusahauliwa, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulirudi kuisimamisha, wakati huo Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilihesabiwa kwa maelfu kwa maelfu ya hekta. Lakini kondoo anapokata majani huacha kupe na kinyesi mlangoni pa mzee asiyeona vizuri, na hajui tofauti ya ukoka na mchicha. Kondoo nilimwondoa katika orodha, kwa heshima.

Sasa nije kwenye mashine zenyewe.

Nilifanya kazi miaka mingi katika jineri ya pamba, upande wa ufundi, na kwa hiyo mashine ya kwanza kubuniwa kwa ajili ya majani ina ndugu yake ninayemjua. Mwingereza mmoja, Edwin Budding, aliishi Stroud, katika Gloucestershire, eneo la viwanda vya vitambaa vya sufu. Katika viwanda vile kulikuwa na mashine yenye visu vya mzunguko iliyonyoa malaika ya kitambaa ili kiwe laini. Budding akawaza kwamba uwanja wa majani nao ni kitambaa, na mwezi Agosti mwaka 1830 akapata hataza ya mashine yake. Visu vilivyojipinda kama skrubu huzunguka na kupita juu ya kisu kimoja kilichosimama, na jani hukatwa katikati kama kwa mkasi. Katika jineri zetu za rola mlikuwa na jamaa yake wa mbali: rola iliyovikwa ngozi huvuta nyuzi za pamba, kisu kimoja kimeibana rola, na kingine hupanda na kushuka kikiigonga mbegu ibaki nje. Mtu aliyezoea kurekebisha nafasi kati ya kisu na rola, nafasi ya unene wa karatasi, akiiona mashine ya Budding humpenda muundaji wake mara moja.

Niliwahi kuiona moja misheni, ya zamani, ya kusukuma kwa mkono, na moyo wangu uliikubali. Haina injini. Inakata safi kuliko nyingine yoyote. Lakini mashine hii hutaka uwanja uliosawazishwa kama meza, na majani ambayo hayajaota mabua. Punje moja ya jiwe jeupe, ambazo luseni yetu inazo tele, ikiingia kati ya visu huacha pengo, na pengo hilo hubaki likionekana katika kila mstari unaokata. Vilevile kuinoa si kazi ya tupa. Nikaiaga. Nakiri niliiaga kwa huzuni, kama mtu anavyomwaga mchumba mzuri ambaye familia mbili haziwezi kupatana.

Za umeme sikuzipa muda mrefu. Umeme umetufikia, na nauheshimu, lakini mashine ya kuvuta waya uwanjani ina hatari mbili: waya kukatwa na kisu, na umeme wenyewe kukatika majani yakiwa nusu. Za betri zimeanza kuonekana mijini, nyepesi, hazina kelele, na kwa mtu wa Mwanza mwenye duka karibu huenda zikafaa. Huku betri ikichoka baada ya miaka michache, mashine nzima imechoka, kwa kuwa betri ya kampuni hii haiingii kwenye mashine ya kampuni ile.

Ile ya kubeba begani, yenye uzi wa plastiki au kisu mwishoni mwa mrija, ndiyo iliyoenea zaidi kwetu, na kila niliyemuuliza alinishauri niinunue. Ina haki ya kuenea. Hufika kwenye mitaro, kwenye miteremko, kati ya mawe, na hukata hata vichaka. Kwa kufungua eneo lililosahauliwa sijui ya kuishinda. Lakini urefu wa kukata huamuliwa na mkono wa aliyeibeba, na mkono huchoka, kwa hiyo tunarudi kwenye ugonjwa wa fyekeo kwa kasi zaidi. Nyingi pia zina injini ndogo inayotaka oili ichanganywe ndani ya petroli kwa kipimo maalumu, moja kwa ishirini na tano, au moja kwa hamsini, kutegemea mtengenezaji. Mtu akisahau siku moja tu akatia petroli tupu, injini hukwama. Na hurusha mawe. Kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja nilishuhudia jiwe likipaa kutoka kwenye mashine hiyo na kupasua kioo cha gari lililosimama hatua nyingi kutoka pale. Nikamfikiria mama na fimbo yake. Hapakuwa na haja ya kufikiri zaidi.

Ikabaki ile ya magurudumu manne, ya petroli, yenye kisu kimoja bapa kinachozunguka chini ya kifuniko cha bati. Hii haikati kama mkasi. Hukata kama panga, kwa mwendo, kisu kikizunguka kama mara elfu tatu kwa dakika. Kikiwa butu huchana majani badala ya kukata, na kesho yake ncha zote huwa nyeupe. Lakini kisu chake hunolewa kwa tupa ile ile ya fyekeo, mradi pande mbili zibaki na uzito sawa, na hilo hupimwa kwa kukining'iniza kwenye msumari ukutani. Mawe nayo huyarusha, ila kifuniko huyazuia mengi. Kubwa zaidi kwangu, urefu huwekwa mara moja kwenye magurudumu, na hapo mkono wa mtu hauna tena la kuamua. Vidole vitatu ni vidole vitatu, akate mimi, akate mwingine.

Baada ya kukubali aina, ilibaki kuchagua ipi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana wauzaji na wanunuzi wengi nilioongea nao walikuwa wakitazama kitu kisichohusika. Walitazama nguvu. Muuzaji mmoja wa Mwanza alinitajia nguvu za farasi kama mtu anayemsifia mchumba, akavuta kamba, mashine ikanguruma, akanitazama usoni kuona kama nimeridhika. Karibu kila mashine mpya hunguruma dukani. Swali langu lilikuwa la mwezi Juni.

Katika jineri msimu ulikuwa wa miezi michache. Pamba ikianza kununuliwa katikati ya mwaka, tulikimbiza mashine usiku na mchana, na kabla ya mvua kukolea kazi ilikuwa imekwisha. Kisha mashine zilikaa. Watu wa nje walidhani mashine huchakaa wakati wa kazi, na kweli huchakaa, lakini sijaona mashine nyingi zilizouawa na kazi. Nyingi niliona zikiuawa na kukaa: mkanda ulioachwa umevutwa, ngozi ya rola iliyopasuka, kutu kwenye shafti, panya kwenye nyaya. Ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994 na jineri nyingi za ushirika zikaanza kusimama, niliona mashine imara za Platt, zilizotoka Oldham na kufanya kazi miaka mingi, zikimalizwa na misimu michache ya kutoguswa. Msimu wa kufunga ulikuwa na fundi wake na orodha yake, na mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akiutazama ufungaji kwa ukali kuliko ufunguzi.

Mashine ya majani hapa Ngulyati ina msimu kama wa jineri, ila umegeuzwa. Hufanya kazi Novemba hadi Mei, kisha hulala miezi mitano. Huko Ulaya nako hulala wakati wa baridi, lakini hulala kwenye ubaridi. Kwetu hulala kwenye joto na vumbi. Petroli iliyoachwa ndani yake huvukiza sehemu yake nyepesi na kuacha utomvu unaoziba vitundu vya kabureta, vitundu ambavyo hata unywele ni mnene kwake. Petroli ya chupa, ile ya kando ya barabara, sina haja ya kuisema. Nyigu wa udongo hujenga kwenye bomba la moshi. Novemba inapofika mwenye mashine huvuta kamba mara arobaini, hutukana, kisha huichukua fyekeo. Ukimuuliza atakwambia mashine ya kampuni fulani si ya kuaminika.

Kwa hiyo dukani niliinama chini. Nilitafuta bolti ndogo chini ya kabureta, ile ya kumwagia petroli iliyobaki, kwa sababu kuna kabureta zisizo nayo, nazo huwezi kuzikausha bila kuzifungua. Muuzaji hakuwa amewahi kuulizwa habari zake, akainama nami tukaitafuta pamoja. Niliangalia kama chujio la hewa linafunguka kwa mkono. Nilichagua isiyojiendesha magurudumu, ya kusukuma tu, kwa kuwa kila waya na kila mkanda wa ziada ni kitu kingine cha kuoza kiangazi. Nilitaka injini yenye oili yake peke yake, nusu lita na kitu, isiyochanganywa na petroli, kama za bodaboda, ili fundi wetu wa pikipiki asiwe mgeni mbele yake.

Na mfukoni nilikuwa na plagi. Maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika Nyakabindi, hapa hapa Bariadi, nilikwenda mwaka 2019 na kurudi tena mwaka 2020, na kitu kilichonibaki kichwani ni pampu za kumwagilia. Zipo kila mahali. Mtu yeyote mwenye bustani ya nyanya karibu na maji anayo au anamjua mwenye nayo. Injini ya pampu shafti yake hulala, na ya mashine ya majani husimama wima, kwa hiyo huwezi kuhamisha injini nzima. Plagi lakini aghalabu ni ile ile. Plagi ya bodaboda haiingii, ni nyembamba. Ya pampu inaingia. Nilimwomba muuzaji afungue plagi ya kila mashine niliyoitamani, nikaziweka ubavu kwa ubavu na yangu, nikalinganisha nyuzi zake na urefu wake. Mashine mbili zilianguka katika mtihani huo. Ya tatu, yenye bati la chuma na bei iliyokaribia ya dume wa wastani mnadani, ilifaulu, nami nikalipa.

Kabla ya safari hiyo ya Mwanza nilikuwa nimezungumza na yule kijana. Sikutaka aione mashine ikishuka kwenye gari ndipo ajue. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo babu, kazi yangu imeisha?" Swali hilo lilinichukua muda kuliko la kabureta. Uwanja uliomchukua siku mbili kwa fyekeo ungechukua saa moja na nusu kwa mashine. Nikimlipa kwa saa, nimemfukuza kwa adabu. Na mimi mwenyewe magoti yangu si ya kusukuma mashine kwenye mteremko kila Jumamosi, na mke wangu bega lake halivuti kamba. Mashine isiyo na mtu wa kuiwasha ni majani mlangoni kwa njia nyingine.

Tukaelewana hivi: uwanja wangu ataukata kila wiki, kwa malipo yale yale ya zamani kwa kila mkato. Akitaka kuichukua kwenda kukata kwa watu wengine, petroli yake, na robo ya atakachopata huwekwa kwenye kopo kwa ajili ya oili, kisu na plagi. Mke wangu aliona nimekuwa mtu wa sadaka. Nilimwambia ahesabu upya mwishoni mwa mvua. Alihesabu kweli, kwa penseli, na hakusema neno, jambo ambalo kwa miaka tuliyoishi pamoja nimejifunza kulisoma.

Nilimfundisha kijana kukata kwa siku moja. Avae mabuti, aokote mawe kwanza, asikate majani yakiwa na umande, mama na watoto wawe ndani au nyuma ya nyumba. Kufunga nilimfundisha kwa siku mbili. Mwanzoni mwa Juni tuliimwaga petroli yote kwenye tangi, tukaiacha injini inywe mabaki hadi ikazimika yenyewe, tukalegeza ile bolti ya chini na kupokea matone ya mwisho kwenye kifuniko cha soda. Tukamwaga oili ikiwa bado ya moto, tukatia mpya. Tukatoa plagi, tukadondosha oili kidogo ndani, akavuta kamba taratibu mara mbili ili isambae. Tukailaza ubavu, chujio likitazama juu, akakwangua majani yaliyoganda chini ya bati na kukipaka kisu oili chafu. Kwenye bomba la moshi tukasokota kitambaa chekundu, ili nyigu asiingie na Novemba asitokee mtu wa kukisahau.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akitusikiliza zaidi kuliko kututazama. "Mnailaza?" akauliza.

"Tunailaza, bibi," kijana akajibu, "mpaka mvua."

Akasema marehemu baba naye plau hakuiacha uwanjani baada ya kulima, aliipaka mafuta na kuitundika kwenye banda, na mtoto aliyeigusa alikiona. Kisha akauliza lile kopo la robo liko wapi na nani ana ufunguo, na alipojibiwa kwamba halina ufunguo, akaagiza liletwe likae chini ya kitanda chake.

Mvua ilikuja wiki ya pili ya Novemba. Kijana alitoa kitambaa, akatia petroli mpya ya kituoni, akavuta. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili ikakohoa, ya tatu ikawaka. Alikata kuanzia mlango wa mama hadi jikoni, na jikoni hadi chooni, akarudi kwenye kopo kuomba fedha ya plagi ya akiba.